Tairi pacha za nyuma zinayumba, nati zinalegea, stadi zinakatika: anza na nati usiyoiona

Mwenye Canter ya zamani anaijua hadithi hii. Gari limetoka kwa fundi pancha, limepakia, na kabla halijafika mbali nyuma kunaanza kutikisika. Tingo anateremka na spana, anaongeza bomba, anakaza nati zote mpaka zinalia, safari inaendelea. Kesho yake zimelegea tena. Siku si nyingi stadi moja, yaani bolti inayotokeza kushika rimu, inakatika, na lawama zote zinamwendea muuza spea: stadi feki. Feki zipo, sikatai. Ila ukifungua tairi lenyewe na kutazama kwa utulivu, mara nyingi utakuta stadi imeuawa na kitu kingine, na kitu hicho kiko nyuma ya rimu ya nje, mahali ambapo spana ya tingo haikufika.

Maelezo haya yanahusu magari madogo ya mizigo ya Kijapani yenye tairi nne nyuma: Canter, Isuzu NPR, Toyota Dyna, Hino Dutro, yale ya matoleo ya zamani yenye stadi 5 au 6. Malori makubwa ya zamani ya Kijapani yamefungwa kwa namna hiyo hiyo, ila vipimo vyake ni vikubwa zaidi.

Tairi linashikwaje

Kila stadi ya nyuma ina nati mbili. Ya ndani ni ndefu, ina uzi ndani na uzi nje, na kichwa chake ni cha mraba. Hii ndiyo inayobana rimu ya ndani kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Rimu ya nje inavalishwa juu ya nati hizo, halafu nati ya nje yenye pembe sita inajifunga kwenye uzi wa nje wa ile ya ndani. Ndiyo maana spana boksi ya kazi hii ina midomo miwili, wa pembe sita wa milimita 41 na wa mraba wa milimita 21, ingawa yapo magari yenye saizi tofauti kidogo.

Kutokana na mpangilio huo, unaweza kukaza nati za nje mpaka uchoke, na rimu ya ndani ikaendelea kucheza, kwa sababu nati ya nje haigusi kabisa rimu ya ndani kwa kukaza. Inachokifanya ni kuvuta nati ya ndani kuelekea nje. Kama ya ndani ilikuwa imelegea, hutaona. Nati ya nje itajibu spana vizuri kabisa, imekaza, utaridhika na kuondoka.

Jambo la pili ni namna rimu inavyopata katikati. Watu wengi wanaamini lile tundu kubwa la katikati ya rimu ndilo linaloikalisha sawasawa kwenye habu. Kwenye mfumo huu sivyo. Tundu hilo ni kubwa kuliko habu kwa makusudi na lina nafasi. Kinachoileta rimu katikati ni uso wa mviringo wa nati kuingia kwenye shimo la rimu lililobonyezwa kwa umbo hilo hilo. Hicho ndicho kiti cha nati. Kiti kikiwa kimelika, kimejaa kutu au kimepakwa rangi nene, rimu haina kingine cha kuiambia katikati ni wapi.

Uzi wa kushoto

Stadi za upande wa kushoto wa gari, upande wa abiria kwetu, zina uzi wa kinyume: nati hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Ukitazama ncha ya stadi utakuta herufi L, na za kulia zina R. Kila fundi wa siku nyingi anajua, lakini kijana mgeni kwenye kibanda anaweza kukaza kwa nguvu zake zote huku akidhani anafungua, na mwenye gari akaambiwa "bosi, hii imegoma, tulete gesi." Gesi hapo haihitajiki.

Kanuni ya kukumbuka bila kutazama herufi ni hii: simamisha mpini wa spana wima kuelekea juu. Ukiusukuma kuelekea mbele ya gari, unakaza. Ukiuvuta kuelekea nyuma, unafungua. Inafanya kazi pande zote mbili, kwa sababu uzi umewekwa ufuate mzunguko wa tairi gari likienda mbele. Angalizo moja tu: gari la mtumba lililowahi kubadilishwa habu au ekseli nzima linaweza kuwa na uzi wa kawaida pande zote. Hapo soma herufi, usikisie.

Dalili: gari linatikisika mara tu baada ya kubadilisha tairi

Kwanza hakikisha mtikisiko unatoka nyuma. Wa mbele unausikia zaidi kwenye usukani, wa nyuma kwenye kiti na sakafu.

Weka kabari kwenye tairi za mbele, inua ekseli ya nyuma, weka stendi imara chini yake, toa gia na breki ya mkono. Chukua kipande cha waya mgumu, kifunge kwenye tofali, sogeza ncha yake karibu na ukingo wa rimu, si wa tairi. Zungusha tairi polepole kwa mkono na utazame nafasi kati ya ncha na chuma.

Nafasi ikipanuka na kupungua juu-chini, rimu haipo katikati. Tofauti ikizidi milimita 3 hivi, usijidanganye kwamba itajiseti barabarani. Rimu ikizunguka vizuri lakini tairi lenyewe linapanda na kushuka, tatizo ni tairi: halijakaa vizuri kwenye rimu, au lina uvimbe. Hapo nati hazina kosa. Na kama nafasi inabadilika kwa ubavu, yaani rimu inaingia na kutoka, kuna kitu kimebanwa kati ya rimu na habu, au kati ya rimu mbili, au rimu imepinda.

Fanya kipimo hicho kwa rimu zote mbili, ya ndani na ya nje. Ya ndani inasumbua kufikia, lakini ndiyo yenye habari. Kama ya ndani imekwenda pembeni, ya nje itakwenda nayo, maana ya nje inapanda juu ya nati za ile ya ndani. Ukirekebisha ya nje peke yake umejisumbua bure.

Chanzo cha kawaida kabisa ni mpangilio wa kukaza. Fundi akianza na nati ya chini wakati rimu inaning'inia kwa uzito wake, na akaikaza moja kwa moja kwa mashine ya upepo hadi mwisho, rimu imeshabanwa ikiwa imekwenda upande. Nati nyingine zitakaza, zitatoa sauti nzuri, lakini nyuso zake za mviringo zitakuwa zimeegemea ukingo wa shimo badala ya kukaa ndani yake. Baada ya kilomita kadhaa za matuta, nati hizo zinajikalia zenyewe, na kujikalia kwake ndiko kulegea kwake.

Dalili: nati zinalegea kila safari

Hapa usiongeze urefu wa bomba. Fungua.

Toa rimu ya nje, kisha jaribu nati za ndani moja moja kwa ule mdomo wa mraba. Zikizunguka kwa urahisi, umepata jibu. Kama zimekaza, zitoe hata hivyo utazame maeneo matatu: viti vya nati kwenye rimu zote mbili, uso wa rimu unaogusa habu, na nyuso za rimu mbili pale zinapogusana.

Rangi ndiyo adui ambaye watu hawamdhanii. Rimu inapelekwa kupakwa upya ili gari lipendeze kabla ya kuuzwa au kukaguliwa, na kijana anapulizia rangi kila mahali, tabaka juu ya tabaka, mpaka ndani ya viti vya nati. Rangi ni laini. Unapokaza, unaibana rangi badala ya chuma. Gari likipata joto na mzigo, rangi inasagika na kutoka, unene wake unabaki kuwa nafasi, na nati imepoteza mkazo bila kuzunguka hata nukta moja. Kutu nene na tope lililokauka hufanya vivyo hivyo. Kwangua hadi uone chuma, kwa brashi ya waya na msasa. Sehemu zinazogusana hazihitaji rangi.

Grisi kwenye nyuso hizo nayo si msaada. Tone la oili nyepesi kwenye uzi linatosha kuzuia nati kung'ang'ania. Kati ya rimu na habu pawe pakavu na pasafi, kwa sababu kinachobeba mzigo pale ni msuguano wa chuma kwa chuma.

Halafu kuna rimu ambayo si ya gari hilo. Rimu za Canter yenye stadi 5 na zile za Dyna yenye stadi 5 zinafanana kwa macho, zote inchi 16, zote mashimo matano. Lakini duara linalopita katikati ya mashimo ya Canter ni milimita 208, na la Dyna ni 203.2. Tofauti haifiki hata nusu sentimita. Ukilazimisha kwa nyundo na bomba, rimu itaingia, nati zitashika, na kila stadi itakuwa imepindishwa kidogo kabla gari halijapakia hata gunia moja. Kipimo cha bure: rimu sahihi huteleza na kuingia kwenye stadi zote kwa mikono miwili bila kupigwa. Ikihitaji kupigwa, irudishe ilikotoka.

Dalili: nati ya nje inatoka na ya ndani yake

Unafungua ya nje, na zote mbili zinatoka zimeshikana. Wengi huzirudisha hivyo hivyo, "zinafungika tu." Usifanye hivyo. Zikirudi zikiwa zimeshikana, nati ya nje itagota kwenye rimu ya nje kabla ya ya ndani kubana rimu yake, na rimu ya ndani itabaki haijakazwa na mtu.

Ina maana moja kati ya mbili. Ama kutu imeziunganisha, ama ya ndani ilikuwa imelegea kuliko ya nje ilivyomshika mwenzake. Zibane kwenye vaisi, zitenganishe, safisha uzi wa ndani na wa nje, kisha jaribu kuzifunga kwa vidole. Zisipokwenda kwa vidole hadi mwisho, uzi umekufa, tafuta nyingine. Nati ya ndani iliyoliwa uzi ni chuma chakavu.

Dalili: mistari ya kutu inayotoka kwenye nati

Osha rimu, ziache zikauke, endesha siku chache, kisha tazama. Ukiona michirizi myekundu inayoanzia kwenye nati na kusambaa kuelekea nje ya rimu, hapo kuna vyuma vinavyosuguana. Vumbi la chuma kilichosagika hukutana na unyevu na kuwa kutu mbichi. Tofauti na kutu ya kawaida iliyotulia, hii inarudi kila ukiosha. Mng'ao wa chuma kipya kuzunguka nati nayo ni ishara hiyo hiyo. Dereva anayezunguka gari asubuhi na kutazama nati zake huikamata hii mapema kuliko mtikisiko wowote.

Dalili: stadi zinakatika

Tazama pale ilipokatikia. Stadi iliyokatika kwa kulegea huwa na sehemu laini iliyosuguliwa na kung'aa, kisha sehemu ndogo yenye chembechembe ambako imemalizikia. Ufa ulianza zamani ukatembea taratibu. Stadi iliyokazwa kupita kiasi huwa imevutika: uzi wake mahali fulani umekuwa mwembamba, na nati mpya ikifika hapo inagoma.

Kuhusu kuvutika, hesabu ni rahisi. Kwa Isuzu NPR ya stadi 6 kiwango cha kukaza kinachotajwa ni kama Nm (newton mita) 440, yaani uzito unaosukuma spana mara urefu wa spana. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye bomba, sentimita 65 kutoka kwenye nati, anatoa karibu kiasi hicho hicho. Mtu huyo huyo akisimama kwenye ncha ya bomba la mita moja na nusu anapita 1,000. Sasa ongeza na kule kurukaruka ambako tingo anakufanya ili bosi aone anafanya kazi. Stadi haijafeli, imevutwa. Kama huna toki renchi (spana inayopima mkazo), pima bomba lako, litie alama ya rangi mahali pa kusimama, na mtu asimame taratibu bila kuruka. Si kipimo cha maabara, lakini ni bora mara kumi kuliko mashine ya upepo isiyojulikana inapiga kiasi gani. Gari lako lina kiwango chake, kitafute kwenye kitabu chake au kwa fundi anayelijua gari hilo.

Stadi moja ikikatika, badilisha na mbili za jirani yake, maana ndizo zilizobeba mzigo wake na hujui zimebeba kwa muda gani. Zikikatika mbili au zaidi kwenye habu moja, badilisha zote. Najua bei inauma. Lakini stadi mpya moja kati ya nne zilizochoka itafanya kazi ya zote, nayo itakatika, na wewe utamwendea muuza spea kumwambia ni feki.

Dalili: tairi linacheza, lakini nati zote zimekaza

Kabla ya kufungua chochote, tenganisha tairi legevu na beringi legevu. Ekseli ikiwa imeinuliwa, ingiza chuma kirefu chini ya tairi, mtu mmoja atikise juu-chini, mwingine atazame kwa tochi kati ya rimu na dramu ya breki. Kama rimu inasogea na dramu imetulia, ni nati. Kama rimu na dramu vinasogea pamoja kama kitu kimoja, nati hazihusiki, ni beringi za habu. Ukikuta na oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) imelowanisha dramu, oili sili imekwenda pia, na breki za upande huo hazipo kama unavyodhani.

Kuna lingine linalofananishwa na tairi legevu: yuboti za springi (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi) zilizolegea au bolti ya katikati ya springi iliyokatika. Ekseli inasogea, gari linatembea ubavu-ubavu kama kaa, na dereva anasema nyuma kunayumba. Pima kwa kamba kutoka bolti ya mbele ya springi hadi katikati ya habu, kulia na kushoto. Zikitofautiana, achana na nati, nenda kwenye springi.

Dalili: tairi mbili zinagusana, au moja inalika haraka

Mawe yakikwama kati ya tairi, hiyo ni kawaida ya njia za changarawe, ila yaondoe kila unaposimama. Ubavu wa tairi mbili ukiwa umesuguana mpaka umeng'aa, hiyo si kawaida. Ama upepo ni mdogo, ama tairi ni pana kuliko rimu zilivyotengenezwa kubeba, ama rimu moja ina kina tofauti na mwenzake. Aliyetoka kwenye tairi la 7.00-16 akaenda 7.50-16, ambalo ni pana zaidi, bila kutazama nafasi iliyobaki katikati hukutana na hili akishapakia tu, kwa sababu tairi likibeba mzigo linatanuka chini.

Tairi moja kulika haraka kuliko pacha wake kunatokana zaidi na kuchanganya tairi jipya na kuukuu. Mapacha wanazunguka pamoja, hawana njia ya kupishana. Tairi kubwa linabeba mzigo na kupata joto, dogo linaburuzwa barabarani. Kwa saizi hizi tofauti ya kipenyo isizidi milimita 6. Usipime kwa macho: zungusha utepe wa kupimia kwenye kata za tairi yote mawili, tofauti ya mzunguko isizidi milimita 19 hivi. Ikibidi kutofautiana ndani ya kiasi hicho, dogo likae ndani.

Na upepo wa tairi la ndani upimwe. Huo msemo wa kulipiga nyundo na kusikiliza unakuambia kama limeisha kabisa, basi. Weka valvu za tairi mbili pande zinazokabiliana, zote zifikike kupitia matundu ya rimu ya nje. Kibanda kinachofunga tairi huku valvu ya ndani imezibwa na rimu kimekupa tairi ambalo hakuna atakayelijaza mpaka lipasuke.

Kulifunga upya hadi likae katikati

Gari likiwa juu na nyuso zote safi, valisha rimu ya ndani. Zungusha habu mpaka stadi moja iwe juu kabisa, anza na nati ya hapo, kwa mkono. Rimu inaning'inia kwenye ile ya juu, kwa hiyo uso wa mviringo unajikalia wenyewe kitini. Funga nyingine zote kwa mkono, tikisa rimu huku ukifunga, mpaka uone kila nati imezama kwenye shimo lake kwa usawa. Nati moja ikionekana imekaa nje kuliko wenzake, legeza zote, anza tena. Dakika hizi ndizo zenye kazi yote, na ndizo zinazorukwa.

Kisha kaza kwa kuruka: kwa stadi 5 nenda ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya pili, ya nne, kwa stadi 6 nenda na inayotazamana. Mzunguko wa kwanza kwa nguvu kidogo, wa pili kwa nguvu ya kati. Pima kwa waya na tofali. Ikiwa sawa, zifikishe nati za ndani kwenye kiwango chake kamili kabla ya kuvalisha rimu ya nje. Kama habu inazunguka na wewe, mtu akanyage breki. Hii haingoji, kwa sababu ukishafunga ya nje huwezi tena kuifikia ya ndani.

Rimu ya nje inafuata utaratibu ule ule. Mkazo wake wa mwisho ufanye tairi zikiwa zimegusa chini ili habu isizunguke na jeki isibebe vurugu zako.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, rudia. Ukitoka Dar es Salaam kwenda bara, Mlandizi au Chalinze ni mahali pazuri pa kusimama kwa kazi hiyo, kabla hujafika Mikumi ambako hutaki kusimama katikati ya hifadhi kukaza nati. Kurudia maana yake si kugusa za nje tu. Legeza nati za nje mbili au tatu zilizopishana, kaza za ndani yake, rudisha za nje na uzikaze. Halafu nenda kwenye zilizobaki. Ukilegeza za nje zote kwa pamoja, rimu ya nje itahama mahali ilipokuwa.

Ukishamaliza, piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Mstari ukikatika, umejua bila spana. Wajapani wenyewe, ambao nao huendesha kushoto, wameona kwamba sehemu kubwa ya matukio ya tairi za malori kuchomoka kwao hutokea nyuma kushoto, kwa hiyo mzunguko wako wa asubuhi uanzie upande huo.

Ukikutana na nati za aina nyingine

Malori mengi ya Ulaya, na yale makubwa ya Kijapani ya miaka ya karibuni, yana nati moja tu yenye uso bapa na washa inayozunguka, spana yake kwa kawaida ni 33, na uzi wa pande zote ni wa kawaida. Hapo ndipo habu yenyewe inapoikalisha rimu katikati. Mashimo ya rimu zake hayana kiti cha mviringo. Kufunga rimu ya namna hiyo kwa nati za zamani, au rimu ya zamani kwa nati bapa, ni kuliachia tairi lijichagulie lenyewe pa kukaa. Hakuna washa wala kipande cha bomba la maji kitakachorekebisha, ingawa vyote viwili utaviona barabarani.

Rimu ya kutupa

Shimo lililorefuka, kiti kilichoota ukingo mkali, nyufa nyembamba zinazotoka shimo moja kwenda jingine: rimu hiyo imemaliza kazi. Kuichomea na kuisaga hakurudishi umbo la kiti, na joto la kuchomea linaudhoofisha ubapa unaozunguka shimo. Usiichomee kamwe ikiwa na tairi juu yake, hata tairi lisilo na upepo. Na kama rimu ni zile za ringi ya kufungia (ringi ya chuma inayozuia tairi lisitoke kwenye rimu), toa upepo wote kwenye tairi mbili, hadi kiini cha valvu kitoke, kabla ya kulegeza nati yoyote. Rimu iliyopasuka inaweza kuwa inashikiliwa na nati hizo tu, na ringi ikifyatuka haichagui nani amechuchumaa mbele yake.

Ukiamua kuiuza kwa kilo, ikate kwanza kwa msumeno kwenye mashimo. Nzima nzima itapigwa rangi ya fedha, na mwezi ujao mwenye Canter mwingine atainunua.